Mlimao Usiokuwepo

Mzamiaji alitoka majini mikono mitupu kwa mara nyingine. Alijivuta juu ya mwamba, akavua kioo cha usoni na kutikisa kichwa kabla hata hajaulizwa.

"Hamna kitu, afande. Kule chini mchanga umetibuka, hata mkono wangu mwenyewe siuoni. Kama yumo humu, mkondo umeshampeleka upande wa Moroko."

Inspekta Eulalia Quirós aliupa upepo mgongo. Levante, ule upepo wa mashariki unaowafanya watu wa Torrealba de la Mar wagombane hata na paka wao, ulikuwa unavuma tangu juzi, na kila alipofungua mdomo mchanga ulimwingia menoni. Mkononi alishika mfuko wa plastiki, na ndani yake kitambaa cha njano kilichookotwa jana jioni kwenye miamba hiyo, chini ya ukuta wa ngome. Katika kesi nzima hakuwa na kitu kingine.

Mwenye kitambaa alikuwa Bi Purificación Lanuza, mwanamke wa miaka sitini na minane kutoka kijiji cha milimani huko Teruel. Jana asubuhi alishuka kwenye basi la wastaafu pamoja na kaka yake ili watembezwe mji mkongwe. Jioni wenzake walipopanda basi, yeye hakuwepo.

"Mnapiga soga huku dada yangu anaoza majini!"

Sauti hiyo ilitoka juu ya ngazi za ngome. Bwana Gaudencio Lanuza, mzee mrefu mwenye kofia bapa ya sufi iliyoshindiliwa mpaka masikioni, alikuwa amesimama pale tangu alfajiri, akiwapangia wazamiaji wapi pa kuzamia.

Quirós alipanda ngazi kumfuata. "Bwana Gaudencio, hebu turudie tena."

"Nimesharudia mara ngapi? Akili zake hazijatulia. Anasahau, anaongea peke yake. Amesogea ukingoni, upepo ukambeba. Sasa unataka nini tena?"

"Nataka kujua nani alimwona mara ya mwisho."

"Mimi! Alikuwa nyuma yangu mpaka hapa ngomeni."

"Ulimwona?"

"Mimi natembea mbele, yeye nyuma. Ndivyo tulivyozoea tangu wazazi wetu walipofariki. Nilikuwa natupa jicho, namwona."

"Uso wake?"

Mzee alimtazama kama ametukanwa. "Kitambaa chake. Ningetazama nini kingine?"

Hapo ndipo Quirós alipokwama tangu jana. Kampuni ya basi iligawa vitambaa vya njano kwa kila mtu ili kundi lisipotee, na kwa sababu ya upepo wanawake wote wakajifunga kichwani. Aliwahoji wastaafu wote hotelini kwao, mmoja mmoja, na wote walikuwa wameona kitambaa. Hakuna aliyeona mtu.

Ajenti Saturnino Bejarano, msaidizi wake, alimjia akipenga mafua. "Mkuu amepiga simu, afande. Anasema tuandike amezama kwa ajali, tuache wazee wa watu waende zao. Basi linaondoka baada ya chakula cha mchana."

"Mwambie hujanipata."

"Nimeshamwambia uko hapa kando yangu."

"Basi mwambie nimezama na mimi. Wakusanye wazee wote uwanjani, pamoja na yule kijana anayewatembeza. Ziara ya jana inarudiwa, hatua kwa hatua."

"Kwa upepo huu? Watatuua."

"Wakituua, angalau tutakuwa na mtuhumiwa."

Wazee hawakuwaua, ila hawakuacha kulalamika. Mwongozaji wao, Tadeo Montiel, alinyanyua mwavuli wake uliofungwa kama alivyofanya jana, akaanza kuongea kwa sauti ya mtu aliyenyimwa mshahara. Waliingia mtaa wa wafinyanzi. Walisimama chini ya mnara wa kanisa.

"Hapa jana nilisema: tazameni juu, kengele ile ya kushoto ina ufa," alieleza Tadeo.

Wazee wote wakatazama juu. Quirós hakuitazama kengele. Aliwatazama wao, shingo zimekunjwa, midomo wazi, kila mmoja amemsahau aliye kando yake.  Angeweza kumchukua bibi yeyote pale, akamtia ndani ya gari, na wenzake wangeendelea kutazama kengele.

"Nani alikuwa karibu na Bi Purificación hapa?" aliuliza.

"Mimi," alisema mzee mmoja.

"Mimi," alisema mwingine wa upande wa pili kabisa.

"Ninyi waongo wote wawili," alidakia Bi Obdulia, mwanamke mfupi aliyekaa kiti kimoja na Purificación ndani ya basi. "Alikuwa na mimi. Na tulikuwa tunaongea habari za miguu yangu."

"Na kabla ya miguu yako?"

Bi Obdulia alifikiri. "Kabla yake aliniambia, 'Sasa hivi tutapinda kulia, kuna mteremko, shika ukuta usije ukateleza.' Nikashika ukuta. Na kweli palikuwa na mteremko. Mtu mwema sana."

Quirós alimsogelea. "Alikwambia kabla hamjapinda?"

"Si ndiyo maana nikashika ukuta, jamani!"

Inspekta alimgeukia mzee wa kofia ya sufi. "Bwana Gaudencio, dada yako aliwahi kufika Torrealba?"

"Hajawahi. Hata bahari alikuwa hajaiona."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyemtunza maisha yake yote. Atoke kijijini nisijue?"

Alijibu upesi mno, bila hata kupepesa.  Quirós alimwashiria Tadeo aendelee.

Kituo kilichofuata kilikuwa hoteli iliyofunguliwa ndani ya nyumba ya kale ya masista. Watalii waliruhusiwa kuingia uani kuona nguzo na kisima, na kutumia choo. Humo ndani upepo haukuingia. Wazee walishusha pumzi, wakatafuta pa kukaa.

"Jana tulikaa hapa kidogo," alisema Tadeo. "Nikaeleza habari za kisima. Na huyo bibi yenu akaniharibia."

"Akakuharibia vipi?"

"Akanikatiza. Mbele ya watu! 'Mwanangu, mlimao uliokuwa hapa katikati mmeupeleka wapi?' Nikamwambia, bibi, hapa hapajawahi kuwa na mlimao, mimi nimeusomea mji huu. Akanitazama tu, halafu akaenda zake chooni."

"Hili jana hukuniambia."

"Hukuniuliza habari za miti, Inspekta."

Quirós alitembea mpaka katikati ya ua. Sakafu ilikuwa ya mawe ya kijivu, yamelika kwa nyayo za watu waliokwishakufa zamani. Lakini hatua chache kutoka kisimani palikuwa na duara ambalo mawe yake yalikuwa mapya zaidi, yamekatwa kwa mashine, na saruji yake nyeupe kuliko ya kwingine. Duara lenye upana wa mti na udongo wake. Alichuchumaa, akalipapasa kwa kiganja.

Mlimao ulikuwepo, na Purificación aliujua. Alikuwa amewahi kusimama hapa kabla haujang'olewa, kabla Tadeo Montiel hajazaliwa.

"Bejarano," aliita. "Lete ule mfuko."

Kitambaa kililala usiku kucha ndani ya droo kikisubiri gari la maabara ya Cádiz, gari ambalo halikuja. Quirós alikuwa amekitazama kwenye mwanga wa taa na kwenye kiza cha miamba. Sasa, katika mwanga mzuri wa ua, alivaa glavu na kukikunjua. Kwenye ile sehemu inayokaa juu ya paji la uso palikuwa na alama nyeusi, imesambaa kama wino.

"Uchafu wa miambani," alisema Bejarano.

"Uchafu wa miambani hauna harufu hii. Nusa."

"Nina mafua, afande."

"Mungu wangu, nipe subira." Alimwita Bi Obdulia. "Mama, nywele za Purificación zina rangi gani?"

"Nyeupe pe. Kaka yake hataki kusikia habari ya rangi. Anasema ni mambo ya wanawake wa barabarani."

"Hii ni dawa ya kupaka nywele," alisema Quirós. "Imepakwa karibuni, jasho likaiyeyusha. Jana kitambaa hiki kilikuwa kwenye kichwa cha mtu mwingine."

 Tadeo akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Nyeusi kama lami? Candelaria!"

"Candelaria gani?"

"Mama mmoja wa hapa mjini. Kila likija basi anajipenyeza kwenye kundi langu, anatembea na sisi mpaka ghala la mvinyo, anakunywa glasi ya bure, anaondoka. Jana nilimwona ghalani kajifunga kitambaa chetu, nikasema leo kaiba na sare."

Quirós alikirudisha kitambaa ndani ya mfuko. "Jana nilikuuliza mara tatu kama kuna jambo lolote lisilo la kawaida kwenye kundi lako."

"Uliniuliza habari ya aliyepungua, Inspekta. Hukuuliza habari ya aliyezidi."

Walimkuta Candelaria Ruz sokoni, kwenye meza ya bati mbele ya duka la samaki wa kukaanga, anakula dagaa kwenye karatasi. Nywele zake zilikuwa nyeusi kiasi kwamba zilionekana za buluu.

"Ai, Eulalia binti wa Mercedes!" alisema. "Umekonda, mwanangu. Kaa ule."

"Kitambaa cha njano ulikipata wapi, mama Candelaria?"

"Nilipewa. Sijaiba mimi."

"Nani alikupa?"

"Mwanamke wa watu, kwenye choo cha hoteli.  Akaniuliza kama ninakwenda na kundi mpaka mwisho. Nikamwambia mpaka kwenye mvinyo, na ikibidi mpaka ngomeni. Akavua kitambaa, akanifunga mwenyewe. Akasema, 'Tembea nyuma ya yule mwanaume wa kofia ya sufi. Usimsemeshe. Hatageuka.'"

"Na hakugeuka?"

"Hata mara moja!" Candelaria alicheka mpaka dagaa wakamkwama. "Nimeolewa mara mbili mimi, lakini mgongo unaojiamini namna ile sijapata kuuona. Nimeufuata mji mzima. Tulipofika ngomeni upepo ukaninyang'anya kitambaa, nikaona kazi imekwisha, nikaenda kulala."

"Wazamiaji wako baharini tangu jana," alisema Quirós, na sauti yake ikaanza kupanda. "Mji mzima unajua. Wewe umekaa hapa unakula samaki!"

"Wanamtafuta aliyezama. Mimi niliyemwona hakuzama. Nikadhani ni mwingine."

"Alionekana amechanganyikiwa?"

"Yule?" Candelaria aliacha kucheka. "Alikuwa na hofu, mwanangu. Lakini akili zake zilikuwa timamu kuliko zako hivi leo."

Quirós alirudi hotelini kwa mwendo ambao Bejarano ilibidi aukimbilie. Alijilaani njia nzima. Siku nzima, boti mbili na wazamiaji, kwa sababu ya mwanaume aliyetazama kitambaa na inspekta aliyekubali kuwa hilo linatosha! Nyumba ile ya masista ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea barabarani, na mbele ya mlango ilikaa meza ya mapokezi. Kundi liliingia, kundi likatoka. Kama Purificación alikivulia kitambaa chooni, na hakuna aliyemwona mwanamke mwenye nywele nyeupe akitoka, basi hakutoka.

Msichana wa mapokezi alikunja uso. "Lakini jana mliniuliza kama kuna mgeni anaitwa Lanuza. Hayupo."

"Leo nakuuliza jingine. Nani amekataa chumba chake kisifagiliwe?"

"Bibi mmoja wa Sevilla. Bi Nieves Alcaide. Tangu jana mchana anaagiza chakula kiletwe mlangoni." Alisita. "Ni mpole, ila ana tabia ya ajabu kidogo. Alipopiga simu kuweka nafasi, aliuliza vyumba walimokuwa wanalala wasichana ni vipi."

"Wasichana gani?" aliuliza Bejarano, ambaye si mwenyeji.

Msichana alimtazama inspekta, naye inspekta akatazama sakafu. Kila aliyezaliwa Torrealba alijua, na hakuna aliyependa kulisema. Zamani, kabla ya hoteli, wasichana waliopata mimba bila ndoa waliletwa hapa kutoka mikoa ya mbali, kusudi kwao wasionekane. Walikaa mpaka wajifungue, kisha wakarudishwa.

"Chumba namba ngapi?" aliuliza Quirós.

Alipanda peke yake. Aligonga, akajitaja. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, amevaa soksi bila viatu, macho yamevimba kwa kulia. Nyuma yake, kwenye kiti cha dirishani kinachotazama uani, alikaa mwanamke mwenye nywele nyeupe. Walikuwa na kidevu kimoja, kile chenye kishimo, na namna moja ya kukiinua.

"Bi Purificación Lanuza?"

"Ndiye mimi. Ni mtu mzima, nina kitambulisho changu, na sijamwibia mtu."

"Tumekuwa tunakutafuta baharini, mama."

"Mimi? Baharini?" Alishika kifua. "Maskini vijana wa watu, kwa upepo huu! Sikujua, haki ya Mungu. Nilijua tu kwamba atakasirika." Kisha macho yake yakabadilika. "Kaka yangu amewaambia nini juu yangu?"

Quirós angeweza kuzungusha maneno. Hakuzungusha. "Kwamba akili zako hazijatulia."

Purificación alitikisa kichwa polepole. "Maneno yale yale. Ndivyo alivyowaambia masista siku aliyonileta hapa. Nilipokataa kuamini, nilipopiga kelele nataka nimwone mtoto wangu, walinijibu hivyo: kaka yako alishatuonya."

"Walimwambia nimekufa," alisema Nieves. "Mimi niliambiwa mama yangu hakunitaka. Nimemtafuta miaka na miaka. Mwaka jana nikapata namba ya simu ya nyumba yao. Kila nikipiga anapokea mwanaume, nakata. Siku moja akapokea yeye."

"Kaka yangu hawezi kuniacha nikasafiri peke yangu," alisema Purificación. "Ndiyo maana nikachagua safari hii ya wastaafu. Nilimwambia ni pwani tu, kuna makanisa mazuri. Aliposoma jina la mji tulikuwa tayari ndani ya basi, akaona aibu kushuka mbele ya watu. Kutwa nzima jana hakuniambia neno. Alitembea tu."

Quirós alivuta pumzi. Hapakuwa na maiti, wala mtekaji, wala kesi. Palikuwa na gharama za boti atakazolazimika kuzieleza kwa mkuu wake, na mwanamke aliyekaa dirishani.

"Unataka kurudi naye?"

"Hapana."

"Unataka ajue uliko?"

"Hapana." Purificación aliushika mkono wa Nieves, akauweka kwenye paja lake na kuufunika. "Mwulize kitu kimoja tu, mwanangu. Mimi sitaweza. Alirudi kijijini na kisanduku cheupe. Alisema ni mtoto, na amemzika kwa mikono yake mwenyewe, kando ya mama yetu. Nimepeleka maua pale maisha yangu yote."

Quirós alishuka taratibu. Uani wazee walikuwa wameshaanza kuinuka, wanatafuta mikoba yao. Gaudencio Lanuza alisimama kando ya kisima, peke yake. Alipomwona inspekta alinyoosha mgongo.

"Haya? Mmempata?"

"Tumempata. Ni mzima, ana afya, na akili zake ziko sawa. Hataki kukuona, na sheria hainiruhusu kukwambia alipo."

Quirós alisubiri. Alikuwa amewapelekea watu habari kama hizo mara nyingi. Wengine hulia. Wengine hutukana. Karibu wote huuliza kama amekula, kama ana dawa zake, kama amelala pazuri.

Mzee aliishindilia zaidi kofia yake. "Yuko peke yake?" aliuliza.

"Ulidhani atakuwa na nani?"

Gaudencio aliutazama mlango wa barabarani.  Bi Obdulia, aliyekuwa anapita na mkoba wake, alipunguza mwendo, akasimama.

"Kaa chini, Bwana Gaudencio," alisema Quirós.

"Basi langu linaondoka."

"Liache liondoke. Kaa." Alingoja mpaka mzee akajishusha kwenye ukingo wa kisima. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, kwa kuwa hakuona haja ya kupaza. "Ndani ya kile kisanduku cheupe ulichokizika kando ya mama yenu, ulikuwa umeweka nini?"

 Mzee aliitazama mikono yake, mikono mikubwa ya mkulima, na alipozungumza alizungumza kama mtu anayejibu swali alilolisubiri nusu ya maisha.

"Mawe," alisema. "Mawe na shati langu, yasigongane."